Unajimu wa Shabiki

Enyi jamaa wa bonde la Kyela, mnaojua fika kwamba Mto Kiwira hauombi idhini kabla ya kugharikisha mashamba ya mpunga, na kwamba Ziwa Nyasa huchafuka saa ileile wavuvi wa Matema wanapousifia utulivu wake, nawauliza kwa taadhima: yakini mnayoikosa katika mvua na mawimbi, mmeipata wapi katika mpira? Maana kila msimu unapokaribia, ilhali timu haijacheza ila mechi mbili za kirafiki, mashabiki hukaa barazani wakagawana ubingwa kana kwamba ni urithi wa marehemu baba yao. Na mwenye shaka akithubutu kukohoa, husomewa hoja moja isiyozeeka, kwamba Tukuyu Stars, majirani zetu wa Rungwe, wakiwa ndio kwanza wamepanda daraja, walitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986 mbele ya Simba na Yanga. Ni kweli, nao wanastahili heshima. Lakini ubingwa huo haukurudi tena, na aghalabu wanaoutolea ushahidi hawakuwa wamezaliwa. Basi na tuendelee kutabiri, maadamu utabiri hautozwi kiingilio, na atakayefukuzwa ni kocha.