Sifa za Bi Foleni

Washairi wamewasifu mashujaa, wapenzi, hata ng'ombe. Bi Foleni hajapata ubeti mmoja, ingawa watu wa mjini huonana naye mara nyingi kuliko wanavyoonana na wakwe zao. Leo nimeamua kumwondolea dhuluma hiyo.

Kwanza, hana ubaguzi. Kwenye Barabara ya Mombasa, Nairobi, humweka mkurugenzi kando ya matatu yenye muziki wa kupasua masikio, na wote wawili wakakodolea macho namba za lori lile lile. Tena hutoa kazi bila kudai vyeti: muuza njugu, muuza maji, kijana wa chaja za simu na ramani za dunia, wote wamefungua duka mbele yake bila kulipa kodi ya chumba. (Anayenunua ramani ya dunia akiwa amekwama hapo barabarani sijui ana nia gani, ila namwelewa.)

Uaminifu wake ndio usiseme. Kule Houston, Texas, waliipanua Katy Freeway hata ilipokamilika mwaka 2008 sehemu zake pana zikawa na njia 26, ukihesabu na barabara za pembeni. Bi Foleni akaondoka kwa adabu, akawaacha wakubwa wapige picha, na baada ya miaka michache akarudi na jamaa zake. Maana nafasi ikionekana, aliyezoea basi hutoa gari lake, na aliyekuwa akiondoka alfajiri huongeza usingizi.

Lakini sifa yake kuu hata wanaofaidika nayo hawaitaji: yeye ndiye mtaji wa njia za haraka za kulipia. Mwishoni mwa Desemba 1995, katikati ya barabara kuu namba 91 huko Orange County, California, kampuni binafsi ilifungua njia nne za kulipia, kilomita 16 hivi, tozo ikipanda saa ambazo Bi Foleni hupenda kutoka na kushuka anapolala. Dereva alinunua nini pale? Lami haikuwa bidhaa, maana lami ya bure ilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya vigingi vya plastiki. Alinunua kumkwepa Bi Foleni, na biashara hiyo haiendi mpaka mwenyewe awe ameketi jirani, amenona, kila mtu anamwona. Kampuni ililijua hilo vizuri, ikaweka katika mkataba sharti la kuizuia serikali isipanue njia za bure za karibu. Nionyesheni bibi mwingine aliyepata ulinzi wa namna hiyo! Mwaka 2003 mamlaka ya uchukuzi ya kaunti ilizinunua njia hizo kwa dola milioni 207.5, ndipo sharti lile likaondoka.

Virginia wakamfanya mpanga bei kabisa. Tangu Desemba 2017, kwenye barabara ya I-66 karibu na Washington, tozo ya saa za kwenda na kutoka kazini hubadilika kila dakika sita kulingana na wingi wa magari. Wiki ya kwanza tu, safari ya kilomita 16 ilifika dola 40 kwa dereva aliye peke yake. Wakati huo aliyebeba mwenzake alipita bure, kwa hiyo ukitafuta kazi ya kupatanisha majirani, jua Bi Foleni ameshaichukua.

Nairobi nako, tangu Mei 2022, kuna barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikipita juu ya barabara ya zamani. Bodaboda na tuktuk haziruhusiwi kupanda. Bei hufuata umbali, na kwa gari dogo linalokwenda mwanzo hadi mwisho ilipanda kutoka shilingi 360 hadi 500 Januari 2024. Mwenye gari hunung'unika mpaka atupe jicho chini, amwone Bi Foleni amejinyoosha kwa raha zake. Hapo mia tano hugeuka sadaka. Chini kungekuwa kweupe, nani angepanda?

Kwa hiyo nashauri Bi Foleni apewe hisa katika kila barabara ya kulipia, na kiti katika bodi. Siku ya mkutano mkuu atakuwa amefika mapema. Wajumbe wengine ndio watakaosubiriwa.