Mjomba Aliposafisha Baiskeli

Uholanzi ina watu wapatao milioni 18 na baiskeli zinazokadiriwa kufika milioni 23, na katika hizo zote sijaona hata moja ikifutwa vumbi. Zinalala nje kwenye mvua mwaka mzima. Zimeegemezwa kwenye miti, kwenye vyuma vya madaraja, juu ya baiskeli nyingine. Cheni inalia, siti imechanika na kuvishwa mfuko wa plastiki wa dukani, taa imefungwa kwa kamba. Mwulize mwenyewe kwa nini haipaki hata mafuta, atakutazama kama umemwuliza kwa nini hapigi pasi mwamvuli wake.

Mimi nilishazoea. Mjomba wangu, aliyekuja kututembelea Utrecht kutoka Shinyanga, hakuzoea wala hakukusudia kuzoea.

Kwa asiyeijua Shinyanga: baiskeli kule ni mali. Imebeba pamba, mkaa, maji, wagonjwa na maharusi, na mjini ikawa daladala, abiria kakaa kwenye keria yenye mto. Mwenye nayo huifuta jioni kabla yeye mwenyewe hajaoga. Anaivisha maua ya plastiki kwenye usukani, anaining'inizia mpira wenye nakshi kwenye madigadi, na usiku inalala ndani pamoja na watoto. Mjomba aliianza baiskeli ya Phoenix akiwa mdogo kiasi cha kupitisha mguu chini ya bomba la fremu, maana siti hakuifikia. Nilipomwambia kwamba hapa kwetu safari nyingi ni za baiskeli, alicheka sana. "Mpwa wangu, mimi ndiye unayetaka kunifundisha baiskeli?"

Mashaka yalianza hata kabla hajapanda. Asubuhi ya kwanza alitoka kunyoosha miguu, akaona kando ya barabara kuna njia nyekundu, laini, pana, haina shimo hata moja. Akaamua kwamba hiyo bila shaka ndiyo ya wageni wa heshima, akashika katikati, mikono nyuma. Njia nyekundu ni ya baiskeli, na wenyeji hawana desturi ya kupunguza mwendo, wanapiga kengele. Mjomba aliitikia kila kengele kwa kuinua mkono na kuulizia habari za asubuhi. Aliporudi alinieleza kwamba watu wa hapa ni waungwana, wote wamemsalimu, ila wanaonekana wana msiba mahali, wanakimbilia huko.

Baiskeli niliyomwazima ni ile wanayoiita omafiets, ya kibibi: nyeusi, usukani umepinda kuja kifuani, unaikalia wima, cheni imefichwa ndani ya kasha isile suruali. Haina gia. Haina breki za mkononi pia. Breki imo kwenye pedali zenyewe, ukikanyaga kurudi nyuma inashika. Nilimweleza, naye akaniambia nisimchoshe. Sasa, mwendeshaji aliyekomaa wa Phoenix ana starehe yake: akishapata mwendo huacha kukanyaga, akazungusha pedali kinyumenyume taratibu huku akisikiliza tiki-tiki ya gurudumu la nyuma. Mjomba aliistarehea starehe hiyo mbele ya duka la maua, mkono mmoja juu, akimsalimu mwenye duka. Baiskeli ilisimama. Mjomba hakusimama. Mama yule alimtoa katikati ya ndoo za tulipu, akampangusa maji, akampa shada zima bure. Nadhani ni kwa sababu hakukuwa na mteja mwingine ambaye angelichukua.

Aliyemtuliza ni jirani yetu, mzee aliyezaliwa wakati wa vita, ambaye kutwa hukaa kwenye benchi nje ya mlango wake. Wakawa wanabarizi pamoja, mimi nikiwa mkalimani. Siku ya kwanza mzee alimsimulia jinsi Wajerumani walivyoikalia nchi, na jinsi walivyonyang'anya watu baiskeli, mwaka 1942 na tena 1944, ya baba yake ikiwemo. Alisimulia kwa uchungu ambao haukuonyesha kupoa. Mjomba akamshika mkono.

"Pole sana, mzee mwenzangu. Polisi mmeshawaarifu?"

Ilibidi nieleze kwamba ni zaidi ya miaka themanini sasa, na kwamba kwa miongo mingi mashabiki wa mpira wa hapa, timu yao ikikutana na Ujerumani, walikuwa wakidai uwanjani warudishiwe baiskeli zao. Mjomba hakuona kichekesho. Deni ni deni, alisema.

Kilichowaunganisha kabisa ni kodi. Mwaka 1924 serikali ya Uholanzi ilianza kutoza kila mwenye baiskeli gilda 3 kwa mwaka, akapewa kibati cha kufunga kwenye baiskeli kama ushahidi. Asiye na kazi alikuja kupewa kibati cha bure, lakini kimetobolewa tundu, na cha tundu hakikuruhusu kuendesha Jumapili, kwa hoja kwamba maskini hana sababu ya kwenda matembezini. Mambo hayo yalifutwa mwaka 1941. Mzee aliingia ndani akatoka na kibati cha marehemu baba yake. Mjomba alikigeuza mkononi, macho yakamtoka, akasimama wima kuonyesha kwa vitendo jinsi alivyowahi kuwakimbia mgambo wa halmashauri waliokuwa wakisaka vibati vya baiskeli, yeye katikati ya shamba la mahindi, Phoenix kaibeba kichwani. Walicheka mpaka wakakohoa. Mkalimani hakuhitajika tena.

Mambo mengine aliyakataa katakata. Nilimwambia kwamba Malkia Wilhelmina alikuwa akiendesha baiskeli, akakubali, malkia ana hiari yake. Nilipomwambia kwamba Mark Rutte, wakati ni Waziri Mkuu, alikuwa akienda kazini kwa baiskeli, alinitazama kwa huruma. "Na barabara walikuwa wanamfungia saa ngapi?" Nikasema haifungwi. "Msafara je?" Nikasema hakuna. Akamgeukia jirani ili apate jibu la mtu mzima.

Mjomba aliamini pia kwamba watu hawa waliumbwa hivi, kila mmoja na baiskeli yake. Mzee akasema sivyo. Miaka ya 1950 na 1960 kila mtu alitaka gari, na miji ikabomolewa kuyapisha magari. Hapa hapa Utrecht, sehemu ya mfereji wa kale unaozunguka mji ilikaushwa ikawa barabara ya magari. Maji yalirudishwa kikamilifu mwaka 2020 tu. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani nchini, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Ndipo wazazi wakachachamaa. Kikaibuka chama kilichojiita Stop de Kindermoord, acheni kuua watoto. Watu wakaziba njia kwa miili yao na baiskeli zao. Mwisho wa mwaka 1973 mafuta yakaadimika, serikali ikapiga marufuku magari siku za Jumapili, na mzee anakumbuka alivyotembea katikati ya barabara kuu akiwa na wanawe, juu ya lami tupu. Njia nyekundu aliyoipenda mjomba ina asili yake kwenye ugomvi huo.

Mjomba, ambaye wajukuu wake huvuka barabara kuu iendayo Mwanza kila waendapo shule, aliuliza swali moja tu: walipokuwa wanalala barabarani, walilala asubuhi au jioni?

Tulikwenda pia kutembea kando ya mfereji mkubwa uendao Amsterdam. Nchi hii ni tambarare, na mjomba alidharau tambarare hiyo kwa sauti mpaka tulipotoka nyuma ya nyumba za mwisho tukakutana na upepo. Kule Zeeland, kwenye ukuta wa kuzuia bahari wa Oosterschelde, wana mashindano ya taifa ya kuendesha dhidi ya upepo: kilomita 8.5, baiskeli za kawaida zisizo na gia, na huitishwa pale tu tufani inapotabiriwa. Kwetu haikuwa tufani, lakini mjomba alikuwa amesimama kwenye pedali, meno nje, akienda kwa mwendo wa kutembea, mara bibi mwenye mvi akampita. Kakaa wima, ana mboga mbele na mbwa nyuma, na hakuwa anahema. Mjomba alimkimbiza hadi magoti yakakataa. Sikumwambia mpaka usiku kwamba siku hizi takriban nusu ya baiskeli mpya zinazouzwa hapa ni za umeme. Hakunisamehe kirahisi.

Pengine ni katika kutuliza hasira hiyo ndipo alipoigeukia baiskeli yenyewe. Niliporudi kutoka kazini nilikuta ameipindua uani, siti chini, magurudumu juu. Aliisugua kutu kwa majivu na ndimu. Alinyoosha spoku, akatia mafuta cheni, akaipaka rangi nyeusi mpya. Jirani alimletea brashi na kumwonya jambo, lakini mkalimani sikuwepo. Mwisho mjomba akafunga maua ya plastiki kwenye usukani, akaiegemeza mbele ya nyumba ili mtaa uone. Mimi nilijua kwamba nimeimiliki baiskeli ile miaka yote kwa ajili ya ubovu wake. Kufuli zilikuwa mapambo tu. Lakini mjomba alikuwa anaangaza uso, na nani angemwambia?

Asubuhi hatukuikuta. Walichukua na kufuli.

Kuripoti wizi hapa hufanyika kwa intaneti. Fomu iliuliza namba ya fremu, kisha ikauliza alama za kuitambulisha. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Andika inang'aa."

Tulikwenda kununua nyingine kwa muuza baiskeli za mtumba. Mjomba aliongoza mazungumzo, na hajawahi kusikika mteja wa namna ile. Hii ina rangi nzuri mno, alisema. Hii breki zake zimenyooka, toa. Ile je, uliyoficha nyuma? Muuzaji akaeleza kwamba ile imeokolewa mferejini, bado ina matope ndani ya kengele. Mjomba akaizunguka polepole, akabonyeza siti iliyopasuka, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Muuzaji alipojitolea kuifuta, mjomba alimshika mkono.

Amesharudi Shinyanga. Anapopiga simu, nikishamaliza shikamoo, swali lake la kwanza ni baiskeli, watoto wanafuata.

"Ipo?"

"Ipo, mjomba."

"Hata kuguswa haijaguswa?"

"Haijaguswa."

Anaguna, na mpaka leo sijajua kama huwa amefurahi au ametukanwa.