Kuonja Siyo Kunywa

Jirani, vuta kiti. Mnanijua. Miye siyo mtu wa makuu. Jioni nikipata shupa yangu moja ya baridi, kiti cha plastiki ambacho mguu wake haujavunjika, na mtu wa kunisikiliza nikilalamikia umeme, siku yangu imekamilika. Mkisikia nimeingia mambo ya divai, jueni nimesukumwa.

Aliyenisukuma ni shemeji, mdogo wa mke wangu. Amesoma. Enjinyeri agronomu wa pale Graben, chuo kikuu cha Wakatoliki hapa Butembo. Tangu apate ile karatasi, kula naye ni kazi. Ndizi haiingii kinywani kabla hajakuambia ukoo wake. Basi akaja: «Shemeji, siku ya posho twende Beni. Kuna degistasio ya divai.»

Nikauliza maswali mawili tu. Ni bure? Kuna nyama? Akanijibu kwamba ni divai ya matunda ya hapa hapa: nanasi, marakuja, ndizi. Umeona? Unamuuliza msomi habari za nyama, anakujibu nanasi.

Nikavaa kostime. Mke wangu alisema kwa jambo la divai lazima kostime, na ninayo moja, ile ya harusi, ambayo kifungo chake cha katikati kilistaafu mapema. Chini yake nikapiga triko, maana asubuhi ya Butembo mnaijua. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu, ukitoka bila triko meno yanapiga kwaya. Sawa. Lakini Beni iko chini huko, kidogo tu juu ya mita 1,000, na hakuna aliyenikumbusha. Ukishateremka Kabasha joto linakushika shingoni. Tena nilikaa mbele kwenye taksi. Mnajua mbele yetu: kiti kimoja, abiria wawili, na wa pili yuko nusu juu ya fimbo ya vitesi. Huyo wa pili ndiye miye. Kilomita 54. Kila mara dereva akitia kitesi cha nne, goti langu linasogea kwanza, ndipo gari linafuata. Shemeji alikuwa nyuma, dirishani, anaangalia mandhari.

Kutoka mjini Beni tukachukua moto. Yangu ilibeba miye na bido la esansi la lita 20, tumebanana, nimelikumbatia. Nililipa bei kamili. Bido sijui lililipa ngapi.

Sasa, nilipokuwa mdogo tulikuwa na kalenda nyumbani yenye picha ya nyumba ya divai ya Ulaya. Jumba la mawe, mnara, mbwa mrefu. Nikawa natafuta mnara. Shemeji akasema tumefika. Tumefika wapi? Parseli ya kawaida, mabati, migomba nyuma, kuku wawili. Ndani nikaona mabido ya buluu yamejipanga. Na mlangoni, juu ya kigoda, ndoo nyeupe yenye robine, chini yake beseni, pembeni kitambaa safi.

Hapa naomba mnihukumu kwa haki. Ninyi mlikuwepo. Tarehe 1 Agosti 2018 walitutangazia Ebola huko Mangina, na hadi 25 Juni 2020 ilipotangazwa imekwisha, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa. Miaka hiyo karibu miwili, kwenye kanisa, benki, soko, barieri, msiba, ulikuta nini mlangoni? Ndoo nyeupe yenye robine. Usiponawa, huingii. Wanakuwekea ile bastola ya joto kwenye paji la uso, halafu unanawa. Tulisalimiana kwa viwiko. Mkono wangu ulinuka klorini mpaka chumvi kwenye mboga nilikuwa siisikii. Leo hii, mtu wa Butembo au Beni akiona ndoo yenye robine mlangoni, mikono inakwenda yenyewe, kichwa hakiulizwi.

Nikafungua robine. Nikanawa. Siyo kunawa kwa kuiba, hapana. Nilikunja mikono ya kostime nikasugua katikati ya vidole, migongo ya mikono, mpaka kwenye viwiko, vilevile wale vijana wenye jile walivyotufundisha. Nikaona maji yana rangi kidogo, nikasema moyoni, basi wameanza dawa mpya. Nikageuka nikauliza kwa sauti: «Mama, sabuni iko wapi?»

Mama mwenye nyumba alisimama na chujio mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alisema polepole, «Papa, ile ni marakuja. Ya miezi minne. Ilikuwa inangojea shupa.»

Wageni wengine walikuwa wameshafika, jirani. Kulikuwa na abbé mmoja, wanafunzi wa agronomia wenye madaftari, na bibi mmoja wa ONG. Wote waliona. Shemeji akatazama migomba. Mwanafunzi mmoja akaandika kitu kwenye daftari. Hadi leo nataka kujua aliandika nini. Na robine nilikuwa bado sijaifunga.

Kuanzia hapo nyuki wakawa wangu. Divai ile ina sukari, mikono inanata, nyuki wa Beni hawana adabu. Wenzangu walitembezwa na mama, miye nilitembezwa na nyuki.

Mama akaeleza kazi. Nanasi linamenywa, linakamuliwa, juisi inaongezwa sukari na chachu, inafungiwa ndani ya bido. Kwenye kifuniko kuna mpira mwembamba, na ncha yake imezamishwa ndani ya shupa ya maji. Chachu inakula sukari, inatoa pombe na gesi. Gesi inapita kwenye mpira, inabwabwaja majini, inakwenda zake, na hewa ya nje haipati njia ya kurudi. Hewa ikiingia, wale wadudu wa siki wanafurahi, na kazi ya miezi inakuwa ya kutia kwenye kachumbari. Halafu unangojea. Uchafu unashuka chini, unahamisha divai kwa mpira hadi bido jingine, unangojea tena. Inashuka, unahamisha, unangojea.

Nikauliza: kwa nini hawanywi siku ya tatu? Watu wakacheka, na miye nilikuwa nauliza kwa dhati. Bibi yangu alipika kasiksi maisha yake yote. Ndizi zinaivishwa ndani ya shimo, zinafunikwa na majani, zinakamuliwa pamoja na nyasi, mtama wa kukaanga unaingia, na baada ya siku moja au mbili parseli nzima inaimba. Ya siku nyingi inachacha, inamwagwa. Sasa mtu anakaa na pombe miezi minne, anaiangalia tu? Kwetu mtu wa hivyo tungemwombea.

Shemeji akaona nafasi yake. Akatusomea habari za ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ule wa bakteria, ulioonekana Masisi mwaka 2001 ukatembea mkoa mzima, na kwamba ile migomba ya pombe ndiyo iliumia sana kwa sababu wadudu wanaubeba kupitia ua lake. Ni kweli, nimeiona migomba ya baba yangu ikiwa manjano kabla ya wakati, ukiikata inatoa usaha. Nilisikitika. Lakini nyuki alikuwa ameingia ndani ya mkono wa kostime, nikasikitika huku narukaruka, na bibi wa ONG akadhani ni utamaduni.

Mama alisema pia kwamba nanasi siku hizi ni ghali kwa sababu wengi waliolima upande wa mashamba wamekimbia. Tangu mauaji yale ya Beni ya 2014 kila familia ina shamba ambalo hailioni. Hapo hakuna aliyeandika kwenye daftari. Tukakaa.

Ikaja degistasio yenyewe. Glasi nzuri, zina mguu. Nikakaza mshipi. Mama akamimina... jirani, sijui nikuonyeshe namna gani. Chini ya glasi. Pale mahali ambapo shupa ya bia ukiimaliza panabaki kitu, ndicho kipimo. Nikangoja aendelee. Akahamia kwa mwingine.

«Zungusheni,» anasema. Nikazungusha. Yangu ikatoka ikatua kwenye soksi ya abbé. «Nuseni.» Nikanusa. Kila mtu anasema lake. Shemeji anasikia maua. Mwanafunzi anasikia asali na mdalasini. Bibi wa ONG anasikia utoto wake. Ikafika zamu yangu, wote wananiangalia, na miye nilikuwa nimekumbatia bido njia nzima. Nikasema ukweli: «Esansi.»

Mama akachukua glasi yangu, akanusa, akanusa tena, akanusa na bido lake kule nyuma, uso umekunjamana. Ilichukua muda mpaka shemeji akanusa kostime.

Halafu wakasema tuteme. Kuna ndoo nyingine (hii haikuwa na robine, niliikagua) na watu wazima, wenye diploma, wakainama mmoja mmoja wakatema divai. Kutema! Sisi watu wa Butembo tunasemwa mpaka Kinshasa kwamba franga ikiingia mfukoni kwetu inasahau mlango. Sasa nimelipa taksi, nimelipa moto, goti limeharibika, halafu niteme? Nilimeza. Nikasogea karibu na mwanafunzi mmoja wa kike aliyesema hanywi, nikameza na ya kwake. Mama akaniuliza naona nini. «Ni tamu,» nikasema. Kimya. Nikaongeza: «Tamu kabisa.» Kimya kikaongezeka.

Ili kuokoa heshima nikamgeukia abbé. Nikamwambia: Mon Père, tangu 1988 Roma ilitukubalia misa yetu, ile ya Zaïre, tunacheza, tunapiga ngoma, tunawaita mababu. Kwa nini bado tunaagiza divai mbali, na nanasi liko hapa linaoza? Nilijua nimepiga bao. Hata mwanafunzi aliandika. Abbé akafuta soksi yake, akasema sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inadai divai ya misa iwe ya asili, itoke kwenye tunda la mzabibu, na isiwe imeharibika. Nikasema basi tupande mizabibu. Shemeji tena! Kwamba ikweta inapita hapa karibu na Butembo, hatuna baridi ya msimu ya kuulaza mzabibu, haujui lini ulale na lini uamke. Kwamba Dodoma, kule Tanzania, wanaulazimisha kwa kuupogoa na wanavuna mara mbili kwa mwaka, lakini kule kuna kiangazi kirefu na sisi mvua haituachi. Nilikuwa nimemuuliza abbé.

Mwishoni mama akapitisha shupa isiyo na karatasi, akasema tuseme bila kuogopa. Nyekundu. Nikaonja. Kali, inakausha ulimi, sukari hakuna hata ya dawa. Nilimhurumia. Nikamshika bega, nikamwambia taratibu, mbele ya wote maana alisema tusiogope: «Mama, hii imewaponyoka. Hewa iliingia. Tieni kwenye kachumbari.»

Ilikuwa ya Bordeaux. Abbé aliileta mwenyewe kutoka masomoni Ulaya, aliitunza kwa ajili ya siku hiyo.

Baada ya hapo huwezi kuondoka bila kununua. Shupa moja ya nanasi, dola nane. Nikatoa noti ya kumi. Mama akaiinua juani, akaona kamchaniko pembeni, kadogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Unajua kwetu noti ya dola ikichanika hivyo ni karatasi ya kufungia karanga. Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Shemeji akalipa. Alilipa polepole, akihakikisha bibi wa ONG anaona.

Nyumbani mke wangu alionja kidogo, akafunga kizibo. Akauliza bei. Akauliza shupa moja inakula nanasi ngapi, sukari kilo ngapi, mpira ule una urefu gani. Nilimjibu vizuri kuliko nilivyowahi kujibu mtihani, maana nilifikiri anapendezwa na safari yangu. Siku ya pili niliporudi kutoka kazini mlango wa nyumba hauna ile ndoo yetu ya kunawia. Iko nyuma ya kitanda, upande wangu, imefungwa kwa plastiki, ina mpira, inabwabwaja usiku kucha. Sijalala. Shemeji anakuja kila jioni kuikagua, anakula, anaenda. Bei wameshapanga, na kazi wamegawana: yeye ni mkurugenzi wa ufundi, dada yake ni mkurugenzi mkuu. Nikauliza, na miye? Wakasema miye ni mteja wa kwanza, na kwa kuwa ni mtu wa nyumbani, nitalipa mbele.