Namna ya Kumnyima Baba Maji Mjini Bukoba

Anza kwa kuficha vikombe. Hapa Miembeni ziwa liko jirani na mvua haituachi, lakini baba yako aliyepatwa na kiharusi ataomba maji na itakubidi umwambie, "Subiri kidogo, Tata." Kwa koo lililolegea, maji ndiyo kinywaji kigumu kuliko vyote. Yana mbio. Kabla kidakatonge hakijafunika njia ya hewa, yameshateremka mapafuni, na siku chache baadaye unaambiwa mzee ana nimonia. Kitu kizito huenda taratibu, koo likapata muda wa kujipanga.

Sisi tulitoka hospitali na maneno matatu tu: mpeni vitu laini. Chai ni laini. Mchuzi wa sato ni laini. Tukampa vyote, akakohoa wiki nzima, na sauti yake ikawa ya majimaji, kama anayeongea huku anasukutua. Laiti ningeijua dalili hiyo siku ya kwanza! Tena wapo wasiokohoa kabisa, kwa hiyo homa au pumzi za haraka zisikupite.

Uzito usiukisie, upime. Wataalamu wa nchi mbalimbali wamekubaliana ngazi za vinywaji kuanzia 0, ambayo ni maji, hadi 4, na kipimo chao ni bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Hakikisha kutoka 0 hadi alama ya 10 ni milimita 61.5. Chomoa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia, hesabu sekunde 10, ziba tena. Zikibaki mililita 1 hadi 4, hiyo ni ngazi ya 1. 4 hadi 8, ya 2. Zikizidi 8, ya 3. Kisichotoka hata tone ni ngazi ya 4, hicho huliwa kwa kijiko. Ngazi ya mzee wako aipange daktari au mtaalamu wa kumeza. Usiipange wewe, wala shangazi.

Jikoni tulitegemea uji wa ulezi uliochujwa, na parachichi lililosagwa kwa maziwa. Uji wa moto hukudanganya: ukipoa unaganda, basi upime ukiwa na joto lile lile atakalounywea. Mate nayo huyeyusha wanga, kwa hiyo kikombe alichoonja saa moja iliyopita si kile ulichopima. Mwaga, tengeneza kingine.

Kazi kubwa iko kwa wageni. Baba mdogo atafika na rubisi, atakaa karibu na kaka yake, na ukienda uani kidogo tu bilauri imeshafika mdomoni, kwa sababu mzee hanyimwi. Usigombane naye. Anampenda kaka yake, na mkono wake unataka kutoa kitu. Weka kikombe kizito tayari muda wote, mpe yeye amnyweshe: mgonjwa ameketi wima, kidogo kidogo, asilazwe mpaka nusu saa ipite. Tangu tulipoanza hivyo, rubisi inanywewa na aliyeileta.

Mswaki asubuhi na jioni, hata siku asiyokula, maana uchafu wa kinywa ndio unaozidi kuharibu mapafu. Vidonge usivisage kabla ya kumuuliza mfamasia, vingine havivunjwi. Na vikombe vihesabiwe kwenye daftari: vinywaji vizito huchosha, mgonjwa hunywa pungufu, mkojo unakuwa wa rangi ya chai, na hapo umemnyima maji kweli.

Kahawa ndiyo iliyonitoa machozi. Baba alikuwa hakosi kahawa kila alfajiri, nasi tulikuwa tumeifuta kabisa. Siku moja nikaipika na wanga wa mahindi, nikaipima, nikampelekea. Akaitazama, akaikoroga, akauliza kama ni kahawa au ni ugali. Akaimaliza. Kisha akasukuma kikombe kuelekea kwangu, kwa ule mkono uliopona, nimwongezee.