Baba na Enzi Zake

Baba wa Dar es Salaam aliyezaliwa miaka ya 1970 ana hotuba moja, nayo huitoa kila akimkuta mtoto na simu: "Sisi tulikua bila televisheni, na tukasoma!" Nidhamu tupu, ungedhani. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, lakini Bara iliisubiri hadi 1994. Kujinyima kisichokuwepo nako siku hizi kunahesabiwa fadhila.

Burudani ilikuwa redio, tena ya babu, haiguswi. Betri zikichoka zilianikwa juani sambamba na mihogo, zipate nguvu za kumalizia taarifa ya habari.

Leo mhubiri huyo huyo hali bila simu kando ya sahani. Alfajiri, kundi la ukoo kwenye WhatsApp limeshapokea kutoka kwake picha za maua, dua ndefu na dawa ya kisukari ambayo hakuna daktari anayeijua. Mtoto akiomba bando la kazi ya shule, anaambiwa mitandao inaharibu ubongo. Video ya baba ikigoma kufunguka, huitwa mtoto huyo huyo, tena kwa sauti ya asali: "Mwanangu, hebu njoo mara moja."