Kuhusu Mabati, na Mambo Mengine ya Buffalo

Mjomba, ujumbe wako wa mabati nimeusoma, nitaufikia. Kwanza nikupe habari za huku Buffalo, Marekani, maana theluji imefika magotini na Jumapili jirani aliniita kwake tuangalie mpira wao wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi.

Mchezo ni dakika 60. Tulikaa saa saba mchana, nikanyanyuka saa kumi na robo. Dakika nyingine zilikwenda wapi, ndiyo habari yenyewe.

Unamkumbuka kipa wetu, timu ikiongoza tu anaumwa? Analala, anaitiwa maji, anasahau mguu uliomuuma, anashika mwingine. Yeye alilala ili saa ikimbie. Hawa wanailaza saa yenyewe, tena kwa ruhusa. Kila timu ina taimauti 3 kwa kila nusu ya mchezo. Kocha anaunda herufi T kwa viganja, refa anapuliza, saa inasimama. Zisizotumika kabla ya mapumziko zinakufa, kama bando la intaneti ikifika usiku wa manane.

Basi mtu mzima, mwenye mshahara wa kujengea mtaa, anazibania kama mpishi wa shughuli anavyobania nyama. Ana sababu. Anayeongoza akiangushwa na mpira wake ndani ya uwanja, saa inaendelea kutembea, naye ana sekunde 40 za kujivutavuta kabla ya kuanza tena. Anayefungwa hana dawa ila taimauti. Kama alizimaliza mapema kwa kuwa vijana wake walikosea kujipanga, anabaki kuikodolea saa macho kama abiria aliyeachwa na basi la alfajiri. Halafu zikibaki dakika 2 kila kitu kinasimama bure, bila kuitwa na yeyote, tuonyeshwe bia na malori. Hapo ndipo nilipoenda chooni mara ya nne.

Ila tamu yake ni fitina. Mpigaji anapotaka kupitisha mpira kati ya nguzo, kocha wa upande wa pili anangoja mpaka avute pumzi ya mwisho, ndipo anaita taimauti, ili kijana asimame pale awaze mkopo wa nyumba na mama mkwe.

Jirani hachoki kusimulia Desemba 2, 2007. Buffalo wako nyuma 16-14, zimebaki sekunde chache, Rian Lindell anajiandaa kupiga kutoka yadi 51. Kocha wa Washington ni Joe Gibbs, mtu aliyekwisha kubeba ubingwa wa Super Bowl mara 3, si mgeni wa mjini. Anaita taimauti. Sawa. Lindell anajipanga upya. Gibbs anaita tena! Kumbe sheria hairuhusu kumfanyia mpigaji hivyo mara mbili mfululizo. Adhabu yake yadi 15. Lindell akasogezwa mpaka yadi 36, akapiga, ikawa 17-16. Jirani akifika hapo hupanda juu ya kochi, na mkewe huondoa glasi mezani kabla hajaanza.

Sasa mabati. Mwezi uliopita nilikujibu "subiri kidogo, mjomba." Ile ilikuwa taimauti, nakiri. Nikiita nyingine leo utanisogeza yadi 15, tena najua utanisogeza mpaka mbele ya bibi. Hela natuma Ijumaa.