Mwongozo wa Kijana Anayekwenda Kupimwa na Jeshi

Tangazo la kusajili makurutu wa Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) hutoka gazetini. Usilisome. Mjomba wako alilisoma zamani, na kumbukumbu ya mjomba inatosha. Ukijilazimisha kulisoma utakuta mambo ya kukatisha tamaa: kimo kisipungue mita 1.60, uzito kilo 54.55 kwa mwanamume na kilo 50 kwa mwanamke. Hiyo nukta 55 haikuota kichwani mwa daktari. Gawa ratili 120 kwa 2.2 uione. Mizani itawekwa juu ya nyasi za uwanja, upepo ukivuma, lakini ratili za Mwingereza zitaheshimiwa hadi gramu ya mwisho.

Ukipungukiwa, dawa ni ndizi na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo haina ubishi, kwa hiyo kunywa lita tatu alfajiri. Wasichokwambia ni kwamba kuna mbio pia. Utakimbia, na maji yatakimbia, kila mmoja kwa mwendo wake.

Utavua ubaki na kaptura. Chagua ya heshima, maana foleni ni ndefu na wapiga picha wa magazeti hawakosi.

Miguu itakaguliwa, kwa kuwa jeshi bado hutembea. Usiku wa kuamkia siku hiyo kanyaga maji, kisha kanyaga sakafu kavu. Alama ikitokea nzima kama chapati, una unyayo bapa. Wapo watakaokushauri ukunje vidole mbele ya afande ili unyayo uinuke. Afande ameona vidole vingi vilivyokunjwa.

Meno nayo. Aliyekulia Bonde la Ufa akinywa maji yenye floridi nyingi huenda ana meno ya kahawia, na usiku huo atapewa ndimu na mkaa asugue. Asugue tu, ila doa limo ndani ya jino tangu lilipokuwa likiumbika. Ndimu italiacha doa na kula jino.

Halafu daktari atakushika pale na kusema, "Kohoa." Kohoa. Si wakati wa kumweleza kwamba huna kifua. Anatafuta ngiri. Ndugu zetu wa Pwani, ambako mbu hueneza minyoo ya matende na mabusha, wasijifariji kwamba kaptura pana itasitiri: hapo kaptura haitakuwepo. (Kwa kweli ngiri na busha hutibika kwa upasuaji, na hospitalini hakuna foleni ya kukutazama. Lakini huu ni mwongozo wa watu wasiopenda kujua mapema.)

Rangi hupimwa kwa kitabu cha vitone. Daktari Shinobu Ishihara wa Japani alikichapisha mwaka 1917, na kazi aliyopewa ilikuwa hii hii ya kuchuja askari. Usiyeona nyekundu na kijani vizuri, binamu yako anazo tarakimu: 12, 8, 6, 29, 57. Zikariri. Omba tu daktari asifungue kitabu katikati, ukamsomea ukurasa uliofunikwa.

Dada zetu watapimwa mimba, na sharti la kutokuwa nayo linaendelea mafunzo yote.

Hayo yote ni ya wasiomjua mtu. Wewe unamjua. Amevaa miwani ya jua, ana simu tatu, na humwita jenerali kwa jina la utani. Usajili ni bure, naye anakiri. Laki unazompa ni za chai tu. Baba atauza ng'ombe, mama atauliza risiti na kuambiwa jeshini hakuna risiti. Hutakimbia, hutakohoa, hutafungua mdomo. Wiki chache baadaye utapata barua ya mwito yenye muhuri unaong'aa kuliko wa serikali, ikikutaka uripoti kambini Eldoret.

Nenda nayo. Wengi wamefika langoni na barua kama hiyo, wakapokewa vizuri, wakahesabiwa na kupandishwa gari. La polisi.